Shahada moja, njia mbili

Mwaka 1963 John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alihitimu udaktari Cambridge kwa tasnifu iliyolipambanisha Agano Jipya na namna Wakamba wanavyozielewa siku za mwisho. Miaka sita baadaye, katika African Religions and Philosophy, akaingiza kwenye usomi wa dunia maneno mawili ya Kiswahili bila kuyatafsiri: Sasa na Zamani. Wapinzani hawakukosekana, hasa alipodai kwamba fikra ya jadi haikuwa na mustakabali wa mbali. Kinachonivuta mimi ni mpangilio wa kazi yenyewe: malighafi ilitoka Ukambani, mizani ikawa ya Cambridge. Wazee wa Kitui, ambao pengine wangembishia mapema kuliko maprofesa, hawakuwa na kiti mezani. Leo vyuo vikuu vya Ulaya na vya Afrika Mashariki vinapozungumzia shahada ya uzamili ya theolojia ya pamoja, swali langu ni hilo hilo la kiti. Shahada haiwi ya pamoja kwa sababu cheti kina mihuri miwili. Inakuwa ya pamoja pale mwanafunzi wa kule anapokuja kukaa huku muhula mzima, akafundishwa huku, na akafelishwa huku ikibidi.

Mradi wa namna hii hauharibikii kwenye imani. Huharibikia ofisini kwa msajili. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hudai angalau krediti 180 kwa uzamili, kila krediti ikiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Jumla saa 1,800. Uzamili wa miaka miwili kwa mfumo wa Ulaya una krediti 120 tu, lakini krediti moja ya huko ni saa 25 hadi 30, hivyo kwa uchache ni saa 3,000. Asiyepiga hesabu ataona 180 imeizidi 120, atie saini huku anatabasamu, kisha mwaka wa pili wasajili waanze kuandikiana barua na mwanafunzi aambiwe kozi zake tatu hazitambuliki. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, jambo linalorahisisha mambo kati ya chuo cha Limuru, Kenya, na cha Makumira, karibu na Arusha. Kati ya Makumira na Leipzig, Ujerumani, inabidi kulinganisha kozi kwa kozi, kwa maandishi, kabla mtu hajapanda ndege.

Hapo hujitokeza pingamizi la kwanza, na lina uzito: mwanafunzi wa Leipzig aje kutafuta nini? Maktaba ziko kwao, na wabobezi wa Kigiriki na Kiebrania ni wengi kwao kuliko kwetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 kufundisha, si kufundishwa, na mazoea hayo hayajatoka kabisa upande wowote. Jibu limo katika msamiati anaoutumia muumini wa Usa River, kilipo chuo cha Makumira, kila Jumapili bila kuufikiria. Roho, nafsi, dhambi, nabii, malaika, msalaba, hata kanisa lenyewe: yote ni maneno yaliyotujia kwa Kiarabu. Mungu na wokovu ni ya Kibantu. Kristo na ubatizo yana asili ya Kigiriki. Mkristo anasali, Muislamu anaswali, na tofauti ya kuandika ni herufi moja. Chukua sadaka. Kanisani ni noti inayotumbukizwa kwenye kapu. Kwa jirani Muislamu ni hisani kwa mwenye shida. Na katika familia nyingi ni neno linalotajwa pia wakati wa tambiko, mbuzi akiwa amefungwa mtini na wazee wakijadiliana nani aseme kwanza. Mhubiri anaposema sadaka, maana zote tatu zimeketi kwenye benchi moja zikimsikiliza. Biblia ya Kiswahili ya 1952 ina pia neno dhabihu, lakini nje ya kanisa ni wangapi wanalitamka? Somo la kafara na utoaji linalofundishwa Ulaya kupitia Kigiriki peke yake haliwezi kuifikia hali hiyo, kwa kuwa si suala la kamusi. Ni la kuishi mahali ambapo msikiti na kanisa vimekopa kisima kimoja cha maneno, na wasomi wanaolijua jambo hilo wako huku. Kigiriki kisomwe kule, sawa. Hili lisomwe hapa, na lihesabiwe krediti sawasawa na Kigiriki.

Pingamizi la pili ni fedha, na ajabu ni kwamba ukilikagua linageuka upande wangu. Mwombaji wa visa ya masomo Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, yaani 992 kwa mwezi. Ufadhili wa Erasmus Mundus hutoa 1,400 kwa mwezi. Kwa fedha za kumtunza Mtanzania mmoja kule, unaweza kuwalaza na kuwalisha Wajerumani kadhaa jirani na Arusha. Kinachoitwa gharama kubwa ya ushirikiano ni gharama ya upande mmoja wa safari.

La tatu ni gumu zaidi. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilitoa Tamko la Dodoma mwaka 2010 kupinga ndoa za jinsia moja, na mwaka 2013 Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia likavunja ushirika na Kanisa la Uswidi kwa suala hilo hilo. Askofu anayeogopa kumpeleka mchungaji wake kijana kwenye kitivo chenye msimamo tofauti haogopi kivuli. Lakini uzamili si daraja takatifu. Hati ya makubaliano iseme waziwazi kwamba chuo kinatunuku shahada na kanisa linaweka wakfu, wala moja halidai la mwenzake. Chuo cha kiekumene cha Bossey, karibu na Geneva, kilichoanzishwa 1946, kimefanya hivyo kwa miongo mingi: Waorthodoksi, Walutheri na Wapentekoste chini ya paa moja, vyeti vikitolewa na Chuo Kikuu cha Geneva, na hakuna anayetakiwa kuhama kanisa lake. Mkurugenzi wake kuanzia 1974 hadi 1980 alikuwa Mbiti huyo huyo.

Inabaki tasnifu. Kama shahada ni ya pamoja kweli, mwanafunzi aruhusiwe kuiandika kwa Kiswahili, naye msimamizi wa Makumira awe na kura sawa na wa Ujerumani, si mshauri wa pembeni anayetajwa kwenye ukurasa wa shukrani. Mtahini wa Ujerumani asiyejua Kiswahili atafutiwe mfasiri, na malipo ya mfasiri huyo yaandikwe kwenye bajeti tangu mwaka wa kwanza, mstari mmoja chini ya tiketi za ndege.