Ubongo Hupenda Kuulizwa

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa kumbukumbu uliofanywa kwa kutumia lugha yetu. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili, mashua likiwamo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Kwa vijana wale maneno hayo yalikuwa mageni, kwa hiyo walichokuja kukumbuka kilitokana na zoezi lenyewe.

Mwanafunzi alipoulizwa neno na kulipatia kwa mara ya kwanza, mambo yalibadilika. Kundi moja liliendelea kulisoma neno hilo lakini halikuulizwa tena. Kundi jingine halikuonyeshwa tena, ila liliendelea kuulizwa. Wiki moja baadaye, walioulizwa walikumbuka kiasi cha asilimia 80 ya maneno. Waliosoma tu waliambulia asilimia 36. Kilichonigusa zaidi ni kwamba kabla ya kuondoka wote walitakiwa kukadiria watakumbuka mangapi, na makundi yote yalikadiria kama nusu. Aliyejifunza vizuri na aliyejifunza vibaya walijiona sawa.

Nadhani nguvu hii ya kuulizwa inaeleza kwa nini kijana aliyefeli hesabu shuleni anaweza kuwa na bei za duka zima kichwani baada ya muda mfupi kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam.

Chukua maduka ya kanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru. Anayeanza kazi pale huachwa mbele ya wateja siku hiyohiyo. Mama anataka doti yenye jina aliloliona kwa shoga yake, na jina lenyewe analikumbuka nusu. Mchuuzi wa mkoani anauliza majora matano atapunguziwa ngapi. Tajiri, ameinamia daftari lake la mauzo, anauliza bila kuinua kichwa: “We kijana, zile za pindo jekundu umeziweka wapi?” Yeye anajua ziliko. Anataka kijana azitafute kichwani kwanza. Na kijana akitaja elfu tisa kwa doti ambayo duka limenunua kwa elfu kumi, atasahihishwa kabla mteja hajafungua pochi.

Kusahihishwa hapohapo kuna thamani kubwa. Mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe walionyesha kwamba kosa alilolisema mtu kwa uhakika, likirekebishwa, hurekebishika kwa urahisi zaidi kuliko kosa alilolisema kwa kubahatisha. Mshtuko wa kujiona umekosea huamsha umakini. Wolfram Schultz naye, katika majaribio yake kwa nyani, aliona kwamba seli za ubongo zinazotoa kemikali ya dopamini huitikia hasa tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Mambo yakienda kama yalivyotarajiwa, mwitikio wa ziada haupo. Na soko la kupatana bei limejaa matarajio yanayovunjika: mteja uliyedhani amekwisha kukubali anageuka na kwenda zake, na yule uliyemkatia tamaa anarudi na kuchukua mzigo wote.

Kumbukumbu za aina hii, za bei, majina na mahali kitu kilipo, hutegemea hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo pande zote mbili. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya huzuni. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku alidhani ni mara ya kwanza. Ujuzi wa mikono, kama ule wa fundi cherehani, basi, una njia yake tofauti na hiyo ya hipokampasi.

Ndani kabisa, kazi iko kwenye sinapsi, yaani maungio ya seli za neva. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walionyesha, kwa kutumia sungura, kwamba sinapsi zikichochewa kwa kasi huongezeka nguvu na kubaki hivyo kwa saa nyingi. Kurudia kusoma daftari hutufanya tuzoee sura ya ukurasa, nasi tukadhani tumeelewa. Huenda kutafuta jibu bila kulitazama hulazimisha njia ileile ya ubongo ipitwe tena, na njia inayopitwa mara kwa mara haioti nyasi.

Hata hivyo, ujuzi wa sokoni una mipaka yake, na mipaka hiyo inaniuma. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Kwenye meza zao za biashara watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu. Hesabu za namna hiyohiyo zilipoandikwa karatasini kama za shule, walipata asilimia 37. Mwaka 2025 Abhijit Banerjee, Esther Duflo, Elizabeth Spelke na wenzao waliripoti jambo kama hilo kwa watoto wanaofanya kazi masokoni Kolkata na Delhi. Wakaongeza upande wa pili: watoto wa shule wasiofanya biashara walizimudu zaidi hesabu za karatasini, lakini walikwama mbele ya hesabu za sokoni.

Katika madarasa yaliyo karibu na Kariakoo kuna watoto ambao jioni huwasaidia wazazi kuuza. Doti saba za elfu kumi na mbili huzipiga kichwani: saba mara kumi, sabini, saba mara mbili, kumi na nne, elfu themanini na nne. Ili kuunganisha hesabu za sokoni na za karatasini, mwalimu anaweza kuandika ubaoni 7 × 12,000, akamwita mmoja wao aeleze mbele ya wenzake alivyoigawa hesabu hiyo, kisha wote wafunge madaftari na kuulizwa nyingine. Na wiki ijayo, bila kuwaonya, awaulize tena.