Vifurushi Vinapogongana: Jinsi Kompyuta Inavyotafuta Matoleo Yanayopatana (Sehemu ya Pili)

Programu ya kompyuta ya leo haiandikwi na mkono mmoja. Anayeunda programu ya zahanati haanzi upya kuandika namna ya kuchora grafu, kusoma tarehe au kuwasiliana na hifadhidata. Huchukua vifurushi vilivyokwisha kuandikwa na wengine akavitegemea. Vifurushi hivyo navyo vina vitegemezi vyake, na vitegemezi hivyo vina vyake, hata programu ambayo mwandishi wake alitaja mahitaji matano tu ikajikuta imebeba vifurushi mia moja. Kila kifurushi hutolewa mara kwa mara kwa namba mpya, na kila toleo hutangaza linahitaji nini na kwa mipaka gani. Kuchagua toleo moja la kila kifurushi ili matangazo yote yatimie kwa pamoja ndiyo kazi ya kisuluhishi.

Eneo la Eldoret, nchini Kenya, lina historia yake katika programu za namna hii. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika nchi ya Wanandi, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. AMPATH, mpango wa kuwatibu wagonjwa wa virusi vya UKIMWI, ulipopanuka na wagonjwa kuongezeka, mfumo huo mdogo ulielemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walifika Eldoret, na kutokana na safari hiyo likazaliwa wazo la OpenMRS, mfumo huria ambao mtu yeyote anaweza kuuongezea sehemu. Ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, kisha Rwanda mwaka huohuo. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu ya msingi wake.

Uhuru huo wa kuongeza sehemu ndio uliouletea OpenMRS suala la matoleo. Mfumo una kiini, na juu ya kiini kuna moduli: moja ya ripoti, nyingine ya fomu, nyingine ya kutoa namba za wagonjwa. Kila moduli hubeba faili inayotaja toleo la chini la kiini inalolikubali na moduli nyingine inazozihitaji. Moduli ya ripoti, kwa mfano, haiwaki bila moduli ya ukokotoaji. Mfumo hauwezi kuendesha matoleo mawili ya moduli moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo moduli mbili zikidai matoleo yasiyopatana ya moduli ya tatu, mojawapo haitawaka.

Maana ya namba zenyewe ilielezwa katika sehemu ya kwanza. Itoshe kukumbusha kwamba, kwa kanuni aliyoiandika Tom Preston-Werner na ambayo toleo lake la 2.0.0 lilitoka mwaka 2013, namba ya kwanza ikibadilika mwandishi anakiri kwamba amevunja kitu ambacho wengine wanakitegemea. Kanuni hiyo ni ahadi ya binadamu. Kompyuta haiihakiki, na wapo waandishi wengi walioivunja bila kujua.

Ichukuliwe programu ya kubuni ya zahanati moja ya Kaptagat, karibu na Eldoret, inayohitaji vifurushi vitatu: ripoti, tafsiri na maabara. Ripoti ina matoleo mawili, la 3 na la 2. Tafsiri ina matoleo tisa. Maabara ina mawili, la 5 na la 4. Ripoti 3 inahitaji kifurushi cha grafu kuanzia toleo la 2 kwenda juu, ilhali ripoti 2 inaridhika na grafu 1. Maabara, katika matoleo yake yote mawili, inataka grafu iliyo chini ya 2. Tafsiri haihusiani na grafu hata kidogo.

Kisuluhishi huanza na matoleo mapya zaidi, kwa kuwa ndiyo ambayo mtumiaji kwa kawaida anayataka. Kinachagua ripoti 3, na papo hapo kinaandika sharti: grafu iwe 2 au zaidi. Kinachagua tafsiri 9 bila shida. Kinafika kwenye maabara 5, inayodai grafu chini ya 2. Hakuna namba iliyo chini ya 2 na wakati huohuo ni 2 au zaidi, basi njia imefungwa. Kinajaribu maabara 4, nayo inakwama palepale. Hapo ndipo kinaporudi nyuma: kinafuta uchaguzi wa mwisho pamoja na masharti yote yaliyoletwa nao, kinasimama kwenye uchaguzi uliotangulia, kisha kinajaribu chaguo linalofuata. Ndivyo anavyofanya mkimbiaji aliyepotea katika vijia vya msitu wa Kaptagat, ambaye hurudi hadi njia panda ya mwisho badala ya kurudi kambini na kuanza upya.

Njia hii haikosi kamwe. Jibu likiwapo italipata, na lisipokuwapo itathibitisha kwamba halipo, kwa sababu mwishowe kila mchanganyiko utakuwa umejaribiwa au umeondolewa kwa hoja. Udhaifu wake uko kwenye muda. Katika mfano huu uchaguzi wa mwisho kabla ya maabara ni tafsiri 9, kwa hiyo kisuluhishi kisicho na akili kitachukua tafsiri 8 na kujaribu maabara 5 na 4 tena, kisha tafsiri 7, na kuendelea hivyo. Kitagonga ukuta mara 18 kabla ya kurudi mpaka kwenye ripoti, ingawa tafsiri haikuwa na hatia yoyote. Kikiongezwa kifurushi kingine kisicho na hatia chenye matoleo kumi, mara 18 zinakuwa 180. Kila kifurushi cha aina hiyo huzidisha kazi wala hakiiongezi tu, na hapo ndipo subira ya mtumiaji inapoisha.

Dawa yake ni kuuliza swali moja kila njia inapofungwa: ni uchaguzi upi uliosababisha mgongano huu? Jibu hapa ni ripoti 3 pamoja na maabara, tafsiri haimo. Kwa hiyo kisuluhishi chenye busara kinairuka tafsiri na kurudi moja kwa moja kwenye ripoti. Tena hakirudi mikono mitupu. Kinaandika katika kumbukumbu yake kwamba ripoti 3 haiwezi kukaa na maabara ya toleo lolote, na kwa kuwa maabara ni lazima, ripoti 3 imeondolewa kabisa. Kinachukua ripoti 2, tafsiri 9, maabara 5 na grafu 1, na kazi imekwisha. Ukuta umegongwa mara mbili tu.

Mawazo haya hayakuzaliwa kwenye vifurushi. Mwaka 1962 Martin Davis, George Logemann na Donald Loveland walichapisha utaratibu wa kutafuta kwa kurudi nyuma ili kujua kama sentensi za mantiki zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mwaka 1996 João Marques-Silva na Karem Sakallah, kwa programu yao ya GRASP, walionyesha faida ya kujifunza kutokana na kila mgongano. Mwaka 2018 Natalie Weizenbaum aliyaleta mawazo hayo kwenye vifurushi vya lugha ya Dart kwa njia aliyoiita PubGrub. Uzuri mkubwa wa PubGrub haupo katika kasi pekee. Kwa kuwa inahifadhi sababu ya kila mgongano, inaposhindwa huweza kumweleza mtumiaji mnyororo mzima wa sababu kwa sentensi zinazosomeka, na aliyewahi kukodolea macho ukurasa mzima wa makosa yasiyoeleweka anajua thamani ya jambo hilo.

Hata hivyo hakuna ujanja unaofuta ugumu wenyewe. Watafiti wa mradi wa Ulaya wa EDOS, akiwemo Roberto Di Cosmo, walionyesha katikati ya miaka ya 2000 kwamba kusakinisha vifurushi vya mifumo kama Debian ni tatizo la kundi liitwalo NP-kamili. Maana yake ni kwamba hakuna njia inayojulikana ambayo ni ya haraka kwa kila hali; inawezekana kutunga hali itakayokichosha kisuluhishi chochote. Vifurushi vya kawaida haviko hivyo. Vingi hutatuliwa ndani ya sekunde chache, na ugumu hujitokeza pale mipaka ya juu inapokuwa mingi na inayobana.

Gharama nyingine haimo kwenye vitabu vya nadharia. Ili kujua toleo fulani linahitaji nini, kisuluhishi lazima kilisome tangazo lake, na tangazo hilo mara nyingi limo ndani ya kifurushi chenyewe. Programu ya pip ya lugha ya Python ilipopata kisuluhishi kipya kinachorudi nyuma, katika toleo 20.3 la Novemba 2020, watumiaji wengi walishangaa kuiona ikipakua toleo baada ya toleo la kifurushi kilekile. Kabla ya hapo pip ilichukua sharti la kwanza iliyokutana nalo na kuendelea, na mara nyingine ikaacha mfumo uliovunjika bila kusema neno. Uaminifu uliongezeka, na upakuaji pia. Kwa mtu wa mjini mwenye waya wa intaneti huo ni usumbufu mdogo, lakini kwa anayefanya kazi Kaptagat kwa bando la simu, kila jaribio lililoshindwa limelipiwa. Mwaka 2023 PyPI, ghala la vifurushi vya Python, lilianza kutoa matangazo peke yake, bila kulazimisha kupakua kifurushi kizima, na sehemu kubwa ya adha hiyo ikapungua.

Wengine wameukwepa utafutaji kabisa. Npm ya JavaScript huruhusu nakala mbili za kifurushi kimoja, kila mhitaji na yake. Migongano inapungua, diski inajaa. Lugha ya Go, tangu toleo 1.11 la mwaka 2018, haina mipaka ya juu katika matangazo yake: huchukuliwa toleo la chini kabisa linalotosheleza kila aliyelitaja, na hivyo hakuna haja ya kurudi nyuma. Maven, inayotumika kujenga OpenMRS, huchukua toleo lililotajwa karibu zaidi na mzizi wa mti wa vitegemezi. Kanuni hiyo ya Maven ni rahisi kupita kiasi. Haithibitishi kwamba toleo lililochaguliwa linamfaa mhitaji aliye mbali, na kosa huonekana baadaye, programu inapokuwa tayari kazini.

OpenMRS yenyewe, inapowashwa, hukagua tu. Hupanga moduli kwa mfuatano wa mahitaji, huwasha zile zilizotimiziwa, na kuacha zilizokosa huku ikitaja kilichokosekana. Utafutaji umefanywa mapema na watu: wanaotunga mkusanyiko kama KenyaEMR huchagua toleo la kila moduli, hulijaribu pamoja na mengine, kisha hutoa furushi zima. Kwa hospitali huo ni uamuzi sahihi. Kisuluhishi kinajua namba zinapatana. Hakijui kama ripoti ya dawa bado inajumlisha sawasawa.

Programu ndogo zisizo na timu ya kutunga mkusanyiko hupata kinga ya aina hiyo kwenye faili ya kufuli, inayoorodhesha toleo kamili la kila kifurushi baada ya utafutaji kufanikiwa mara moja. Faili hiyo ihifadhiwe pamoja na msimbo na kutumwa kwa kila kompyuta. Anayeipokea hupakua yaliyoandikwa tu, bila jaribio hata moja la ziada, na hupata matoleo yaleyale yaliyofanya kazi kwa mwenzake.