Sahani za Mabaki ya Tabaka

Hakuna sanamu inayopoteza jiwe kama twiga. Shingo yake ni nyembamba, miguu yake minne ni myembamba, na nafasi yote iliyo wazi kati ya miguu hiyo ilikuwa jiwe. Lilichimbwa, likapandishwa kutoka shimoni, likalipiwa, kisha likapigwa panga likaanguka chini. Anayemnunua twiga huyo Nairobi au Mombasa hajui kwamba sehemu kubwa ya jiwe lake imebaki Tabaka, imerundikwa chini ya mgomba nyuma ya nyumba ya mchongaji. Mabaki hayo ndiyo kazi yangu. Ninayageuza kuwa vibakuli, sahani, visahani vya chumvi na vigae vya kuwekea sufuria.

Tabaka iko South Mugirango, Kaunti ya Kisii, magharibi mwa Kenya. Vilima vyetu ndivyo vinavyotoa jiwe la sabuni linalojulikana duniani kama jiwe la Kisii. Ukiingia kijijini unaona vumbi jeupe juu ya majani ya migomba na unasikia panga zikigonga kila upande. Kwa desturi ya huku wanaume huchimba na kuchonga, wanawake husugua, huosha na kung'arisha. Nilipoolewa hapa nilianza kama wenzangu, mikono ndani ya beseni na kipande cha msasa kati ya vidole. Nasema wazi, hata mbele ya wachongaji: anayesugua hulijua jiwe zaidi. Kidole hukutana na punje ngumu iliyojificha, na mshipa laini utakaobonyea, na ufa ambao jicho limeupita. Mume wangu alipotupa vipande, mimi nilikuwa najua tayari kipi ni kizima. Siku moja mama mkwe aliniona nikivikusanya, akanipa kisu chake cha zamani akasema, "Mwanangu, hayo mabaki hayana mwenyewe. Yatengenezee kitu."

Kabla sijaeleza namna ya kuyatengeneza, msomaji ajue yanatoka wapi. Jiwe letu huchimbwa kwa mkono, kwa sururu, koleo na mtaimbo. Kwanza huondolewa udongo, kisha mwamba mbovu, ndipo mtu afikie jiwe zuri, na kadiri miaka inavyopita ndivyo mashimo yanavyozidi kwenda chini. Msimu wa mvua kuta za shimo hulegea. Kuna watu walioingia humo asubuhi hawakutoka. Kwa hiyo ninapoona kipande kizima kimetupwa barabarani kujaza mashimo ya magari, moyo wangu hauridhiki hata kidogo. Hatari ya kukichimba ilikuwa ileile, kiwe kikubwa au kidogo.

Kuchagua kipande ni nusu ya kazi. Kwanza nakigonga kwa mpini wa kisu. Kizima hutoa mlio mkali na safi, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kisha nakitumbukiza majini, nakitoa na kukiacha kikauke kivulini. Uso wa jiwe hukauka haraka, lakini ufa hubaki na maji, ukaonekana kama uzi mweusi. Hapo ndipo ninapojua nitakatia wapi. Maji pia huonyesha rangi ya kweli. Jiwe la waridi lililofunikwa na vumbi huonekana kama chokaa, na lile la kijivu likilowa hutoa mawimbi meusi. Tuna jeupe, la krimu, la manjano, la waridi, la kijivu, na jeusi ambalo ni gumu zaidi na hula msumeno.

Kipande chenyewe ndicho kinachoamua kitakuwa nini. Pembe iliyobaki chini ya tumbo la kiboko ni nene na fupi, hiyo ni bakuli. Ubavu uliokatwa kwa msumeno ni bapa, huo ni sahani ya matunda au kigae. Vidogo vya ukubwa wa ngumi ni vya chumvi, pilipili au achari. Kuna vitu nisivyovitengeneza hata nikiombwa. Kinu cha kutwangia viungo sikitengenezi, kwa sababu jiwe hili linakwaruzika kwa kisu cha kawaida, na mchi ukilipiga kila siku litaacha unga wake ndani ya chakula. Ubao wa kukatia nyama nao siutengenezi kwa sababu hiyohiyo. Mwiko mrefu wa mabaki huvunjikia shingoni. Najua vinauzwa, lakini mimi sivitengenezi.

Bakuli huanza na duara. Nasawazisha upande mmoja kwa msumeno wa mbao na tupa, nachora duara kwa penseli nikifuata mdomo wa kikombe, kisha naanza kuchimba ndani. Wengi wanaojifunza hukimbilia kuzungusha umbo la nje kwa sababu linapendeza macho, halafu wanapoingia ndani kwa tindo, ukuta unapasuka. Ndani huchimbwa kwanza, wakati ubavu bado ni mnene na unaweza kuhimili mapigo. Natumia tindo nyembamba katikati, nikigonga taratibu kuelekea chini, kamwe si kuelekea ukingoni. Nikishapata shimo naweka tindo kando na kushika kisu kilichopindwa ncha, nakwangua kwa kuzungusha. Jiwe likiwa na unyevu hutoka kwa vipande laini bila kurusha vumbi. Ndani ikikamilika ndipo naifuata nje, nikipima ukuta kwa kidole gumba na cha shahada mpaka unene ulingane pande zote. Kwa kibakuli cha mboga nauacha unene wa kidole changu kidogo. Ukiwa mwembamba zaidi hupendeza dukani na huvunjika jikoni. Kitako nakiacha kipana, kisha nakikwangua katikati kidogo ili bakuli likae juu ya ukingo wake na lisiyumbe mezani.

Kuna jambo ambalo nalisema kwa kila kijana anayekaa karibu yangu: usikate jiwe kavu. Vumbi la mawe likiingia mapafuni halitoki. Jiwe letu lina madini ya aina nyingi, na huweza kuwa na chembe za kwatsi, ambazo miaka ikipita hutia makovu kwenye mapafu mpaka mtu anashindwa kupanda kilima chake mwenyewe. Mashine za umeme za kukatia zimerahisisha kazi, lakini vumbi lake ni jembamba na jingi kuliko la panga. Maji hayana gharama kubwa. Lowesha jiwe, lowesha msumeno, funika pua, na usichongee ndani ya chumba ambamo watoto wanalala.

Kusugua ndiko kunakochukua muda. Tunaanza na msasa mkali wa kuondoa alama za kisu, tunaingia wa kati, tunamaliza na laini kabisa, yote ndani ya maji. Kila msasa unafuta mikwaruzo ya uliotangulia. Ukiruka mmoja utaujutia, kwa sababu mafuta yakipakwa kila mkwaruzo hujitokeza. Ndani ya bakuli hapasuguliki kwa kibao, ni vidole tu, na jioni ncha zake huwa laini kiasi cha kuuma. Wanawake wa Tabaka wamefanya kazi hii miaka mingi, na bei ya sanamu inapotajwa, wao hutajwa mwisho. Chombo cha jikoni ni kazi ya kusugua kuliko ya kuchonga, na anayekinunua anamlipa hasa aliyesugua.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo wanunuzi wanapopotoshwa. Vyombo vingi vya Kisii hupakwa rangi nyekundu, buluu au nyeusi, kisha huchorwa kwa ncha ya chuma ili weupe wa jiwe utokee kama maua au punda milia. Ni ufundi mzuri na mimi mwenyewe naupenda. Lakini rangi hiyo ni ya kupambia, wala haikutengenezwa iliwe. Pia kuna ufa unaozibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe, mpaka usiuone. Kwa sanamu haina neno. Kwa chombo cha chakula, sikubali. Sahani yangu ndani haina rangi, haina gundi, haina vanishi. Ikitakiwa kung'aa naianika juani ipate moto, naisugua kwa nta safi ya nyuki, naifuta kwa kitambaa. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, kwa hiyo bakuli litakalopakuliwa vitu vya moto silipaki nta. Hilo naliacha kavu, au nalipaka mafuta ya kupikia kidogo na kulifuta vizuri.

Watu huniuliza kama jiwe hili linaweza kukaa motoni. Brazil, katika jimbo la Minas Gerais, wapo mafundi wanaotengeneza sufuria za jiwe la sabuni ambazo hupakwa mafuta na kuzoeshwa moto polepole kabla ya kupikiwa, na hudumu miaka. Jiwe lao lina madini mengi ya talki, yale yanayosagwa kuwa poda ya watoto. La kwetu ni la asili nyingine, mwamba wa volkeno uliolainishwa na maji moto ya ardhini. Kwa hiyo simshauri mtu aliweke jikoni juu ya moto wala kwenye maikrowevu. Faida yake iko mezani. Likiogeshwa kwa maji ya vuguvugu kabla ya kupakua, obokima, yaani ugali wetu, hukaa na joto lake mpaka mgeni wa mwisho amenawa mikono. Likiwekwa kwenye friji kwanza, nanasi hubaki baridi mchana wa jua kali. Usilitoe tu kwenye friji ukalimwagia chai inayochemka, litapasuka. Lioshe kwa mkono na kitambaa laini, bila waya wa kusugulia. Manjano na biti huacha doa, hasa kwenye jiwe jeupe, kwa hiyo kwa pilau na mchuzi chagua la kijivu.

Wapo wanaoniambia kwamba sahani za mawe ni mambo ya watalii. Historia yetu inasema vingine. Zaidi ya miaka 500 iliyopita mafundi wa kaskazini mwa Madagaska walichonga vyungu vya jiwe laini, vingine vyenye miguu mitatu na vifuniko, na vipande vya vyombo vya jiwe hilo vimefukuliwa kwenye magofu ya miji ya Waswahili, Kilwa na Manda miongoni mwake. Great Zimbabwe, ambako alitoka yule ndege wa jiwe aliye kwenye bendera ya Zimbabwe, palikuwa na masinia ya jiwe la sabuni pia. Hapa kwetu Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, amelifikisha jiwe letu Paris, ambako ndege wake wa amani, Enyamuchera, yupo makao makuu ya UNESCO. Namheshimu sana. Lakini jiwe lililoweza kusimama Paris linaweza pia kukaa juu ya meza ya Mkenya, na bado nyumba nyingi za Kisii kwenyewe zinakulia sahani za plastiki, huku bakuli zuri la jiwe likikaa kabatini na maua ya karatasi ndani yake.

Mteja mmoja kutoka Nakuru aliligeuzageuza bakuli langu akaniuliza, "Mama, hii ni ya kupamba ama ya kulia?" Nikalichukua, nikalisuuza, nikampakulia humo chinsaga, mboga yetu ya majani, tuliyokuwa tumepika. Alikula, akanunua mawili.

Unaponunua bakuli la jiwe, popote ulipo, liloweshe kwa maji mbele ya muuzaji na utafute ufa. Litazame ndani kama limepakwa rangi, uliza limepakwa nini, na ukijibiwa kwa kusitasita, liache liwe la maua. Ukipata lililo safi, usiliweke kabatini. Pakua mboga humo leo.