Saa Moja kwa Wiki, Siku Nne kwa Miguu

Mikoba hufungwa Ijumaa jioni: hema, sufuria, unga, maji, ramani na dira. Kisha hufunguliwa tena, kitu kimoja kitolewe, halafu kingine, maana kila kilichomo kitabebwa na mgongo wa mwenyewe. Wanafunzi wa Kitengela wanaojiandaa kwa safari ya Tuzo ya Rais hulijua hilo mapema. Kundi ni la watu wanne hadi saba, na njia yote hupitwa kwa nguvu zao wenyewe, bila injini.

Mazoezi yenyewe mara nyingi huanzia Vilima vya Ngong, katika kaunti yao ya Kajiado. Kilele cha juu kina takriban mita 2,460, na upepo wa huko una nguvu za kutosha kuzungusha mitambo ya umeme iliyosimama mgongoni mwa vilima. Hema lisilokazwa kamba vizuri halitasubiri usiku wa manane kung'oka. Mtoto aliyekulia kwenye ploti yenye ukuta pande zote hujifunza hapo jambo ambalo mwalimu hawezi kulichora ubaoni.

Tuzo hiyo ilizinduliwa Kenya mwaka 1966, enzi za Mzee Jomo Kenyatta, miaka kumi baada ya Mwanamfalme Philip kuanzisha mpango kama huo Uingereza. Tangu 2017 ina sheria yake iliyopitishwa na Bunge, na Rais wa nchi ndiye mlezi wake. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, na ina ngazi tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu.

Wazazi wengi huona safari tu, kwa sababu picha zake ndizo zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kazi kubwa haina picha. Kila kijana huchagua huduma moja kwa jamii, ujuzi mmoja na mchezo au mazoezi ya mwili, halafu anatoa walau saa moja kila wiki kwa kila kimoja, akiandika alichofanya. Shaba huchukua miezi sita. Anayeingia Dhahabu moja kwa moja huhitaji mwaka mmoja na nusu, safari ya siku nne na malazi ya siku tano mahali pengine, akifanya kazi na watu asiowazoea. Hakuna nambari wani wala mkia. Katika nchi ambayo mtoto hupangwa kwa alama tangu akiwa mdogo, hili ni jambo la thamani kubwa: mwanafunzi anayechechemea katika hisabati hupimwa kwa lengo alilojiwekea mwenyewe, na akilifikia amefaulu.

Katika baadhi ya shule, tuzo hii huenda sambamba na kadeti wa St John Ambulance, chama kilichopo Kenya tangu 1928. Kadeti hupiga gwaride, lakini pia hujifunza kuzuia damu isivuje, kufunga mfupa uliovunjika na kumbeba majeruhi kwa machela. Mji wa Kitengela umekaa kando ya barabara kuu ya Namanga, yenye malori mchana na usiku. Kwa hiyo mafunzo hayo si mapambo ya siku ya wazazi. Mwanafunzi anaweza kuyahesabu kama ujuzi wake wa tuzo, ilimradi saa ileile asiiandike tena kama huduma.

Kajiado ina historia ya kale zaidi katika mambo haya. Mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, ambaye fikra zake ndizo zilizozaa tuzo ya Uingereza, alishiriki kuanzisha pia shule za Outward Bound. Moja ilifunguliwa Loitokitok mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya Kilimanjaro, na vijana waliofunzwa hapo waliukwea mlima huo. Na kabla ya Hahn, vijana wa Kimaasai walikuwa wakivuka nyanda hizihizi na ng'ombe wakati wa kiangazi, wakisoma mawingu na nyayo bila karatasi. Kiongozi wa kundi mwenye busara humweka mtoto wa wafugaji mbele, aelekeze wenzake.

Njia zenyewe zinapungua. Nyanda za Kitengela, zinazopakana na Mbuga ya Nairobi upande wa kusini, zimekatwa kuwa ploti na kuzungushiwa nyaya. Pundamilia na nyumbu wanabanwa, na wanafunzi wenye ramani nao hulazimika kuomba ruhusa lango hadi lango.

Kikwazo kingine ni fedha. Hema, viatu na nauli hugharimu, na ndiyo maana tuzo huonekana zaidi katika shule zenye uwezo. Lakini kanuni hazimfungii nje kijana aliyeacha shule. Vikundi vya vijana navyo vinaweza kushiriki. Mwendesha bodaboda wa miaka 22 pale stendi ya Kitengela anaweza kuanza na Dhahabu leo, naye akaimaliza kabla hajatimiza miaka 25.