Mzee wa Kariandusi na kitenzi cha Misri

Mzee niliyeketi naye kwenye kivuli cha kibanda cha matunda, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, hakuwa na shaka hata chembe.

"Sisi Wakalenjin tulitoka Misri, kijana. Mungu wetu Asis ndiye huyo wao wakimwita Isis. Hujasikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kipkoeech araap Sambu aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kikatoka mwaka 2007, na hadithi yenyewe ni kongwe kuliko kitabu. Nyuma yetu palikuwa na makumbusho ya Kariandusi, yenye mashoka ya mawe, mengine ya kioo cheusi cha volkano, ambayo Louis Leakey alianza kuyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Walioyachonga waliishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na lugha yao, kama walikuwa nayo, haikubakiza hata silabi. Lakini Misri ni jana tu. Madai ya mzee yanapimika.

Ila hayapimiki kwa majina. Majina mawili hufanana kwa bahati, na maneno huazimwa ovyo: meza tuliipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani. Kisichoazimwa kirahisi ni ule msururu wa ni-, u-, a-, tu-. Undugu wa lugha huulizwa kwa kitenzi.

Kitenzi ambacho kila mwanafunzi wa Kimisri cha kale hukutana nacho mapema ni cha kusikia. Wataalamu hukitamka "sejem". Mtendaji hukaa nyuma: sejemef, mwanamume asikia, sejemes, mwanamke asikia, sejemen, twasikia. Ukitaka kusema amekwisha kusikia, unachomeka n: sejemenef. Ukitaka kutendwa, unachomeka "tu": sejemtuf, asikiwa.

Hizo e ni za wataalamu, si za Mafarao. Wamisri waliandika konsonanti peke yake, na humo ndimo balaa lilimo. Jaribu kuandika Kiswahili hivyo. KSM ni nini? Kusema, kusoma, akisema, akasema, au kisima? Kwa kisima Wamisri wangekusaidia: wangechora mawimbi ya maji mwishoni. Kwa kusema wangechora mtu aliyeketi, mkono mdomoni. Lakini kati ya akisema na akasema, mchoro ni ule ule. Hakuna picha ya ki wala ya ka. Champollion alipofungua mlango wa maandishi hayo mwaka 1822, hilo fumbo lilibaki ndani. Sejemef moja ya kwenye ukuta huweza kuficha maumbo kadhaa yaliyotofautiana kwa irabu tu, na wasomi wamelumbana juu yake hadi leo. Aliyelitikisa hasa ni Hans Jakob Polotsky, mwaka 1944, naye alianzia kwenye Kikopti.

Kikopti ni Kimisri kilichozeeka, kikaandikwa kwa herufi za Kigiriki, irabu zote zikionekana. Wakristo wa Kopti bado wanakitumia katika ibada. Humo kitenzi kimegeuzwa kichwa chini: "alisikia" ni afsotem. A ya mwanzo ni wakati uliopita, f ni yeye, sotem ni kusikia. Yaani f iliyokuwa mkiani imehamia mbele! Hiyo a ni mabaki ya kitenzi cha kufanya, kilichosagika kwa matumizi, kama vile -ta- yetu ya wakati ujao ilivyobaki kutokana na kutaka. Ukiitazama haraka, afsotem inakaa kama alisikia ya Mswahili. Lakini hakuna kipande kinacholingana na kipande. Ni sura tu.

Nikamuuliza mzee, "Kwenu mnasemaje 'naona'?"

"Akere."

"Na 'tunaona'?"

"Kikere."

Mmasai husema adol kwa naona, kidol kwa tunaona. Mzizi mbali, lakini a- na ki- zile zile, na ukimtaja "wewe" wote wawili wanaweka i-. Huo ndio msururu niliokuwa nautafuta, na unaelekea kwa jirani wa Narok, ndani ya ukoo wa Kiniloti. Mto Naili umo katika jina la ukoo huo, ila kuutaja mto si kuzaliwa kwenye mdomo wake.

Ndugu wa Kimisri wako Kenya, tena wengi: Wasomali, Waborana, Warendille. Mmisri alimwambia mwanamume "wewe" kwa k, na "sisi" kwa n. Mwarabu ana -ka na -na. Msomali ana ku na na. (Mswahili naye ana ku, nimekuona, lakini hiyo ni bahati: n ya kuifuata haipo, sisi tuna tu.) Tanzania wapo Wairaqw wa Mbulu, wa tawi la Kikushi kama Wasomali. Na hapa penyewe, kati ya Elmenteita na Hyrax Hill, walipita wafugaji wa kale waliozika wafu wao na mabakuli ya mawe. Wanaisimu wengi hudhani baadhi yao walisema Kikushi. Kikalenjin kina maneno kiliyoyapata kwa Wakushi. Huenda mzee ameazima hadithi ya jirani. Mimi ningependa iwe hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akimenya chungwa.

"Sasa hao Wamisri, 'tumesikia' walisemaje?"

"Sejemenen."

Akairudia polepole, mara mbili, akatikisa kichwa. "Hiyo, kijana, hata marehemu nyanya sikumsikia nayo." Kisha akanyanyua mkono kuisimamisha matatu ya Nakuru.