Mashua ya Tanga Iliyotumika, na Trela Lake

Mwanachama mwenzetu mmoja wa Pemba alitujia na habari kwamba nduguye, afanyaye kazi Mwadui katika wilaya ya Kishapu, ameona mashua ndogo ya tanga inauzwa, urefu wake futi 14, pamoja na trela lake. Fedha aliyokuwa nayo ni ya karafuu za msimu, wala hana nyingine. Alitaka tumwambie anunue ama asinunue. Kwa kuwa wanachama wengine nao hutuuliza mara kwa mara habari za vyombo vilivyotumika, tuliona heri twende wawili tukaione kwa macho.

Labda msomaji atashangaa, mashua Kishapu ya nini? Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, jua kali, na bahari iko mbali kiasi cha kilomita elfu moja kwa barabara. Lakini Mwadui ndipo Dakta John Williamson, Mkanada, alipogundua almasi mwaka 1940, na mgodi ule ukavuta watu wa nchi nyingi pamoja na mambo yao. Katika wilaya hiyo hiyo liko bwawa la Songwa. Mwenye mashua alitwambia kuwa ilikuwa ya kutembelea bwawani tu, haijapata kuonja chumvi.

Alisema hivyo kwa kuisifu. Sisi neno hilo lilitutia mashaka. Wengi hudhani maji baridi hayadhuru chombo, kumbe mbao huozeshwa na maji ya mvua yanayolala ndani yake, nayo maji ya chumvi huzuia uozo kwa kiasi, ijapokuwa bahari ina wadudu wake watoboao. Tena chombo cha bwawani huenda kimefungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida. Bwawani zitadumu miaka. Baharini kutu itazila upesi, na ubao utaachana na taruma ukiwa majini. Skrubu za namna hiyo hapana budi zitolewe zote, zitiwe za shaba ama za chuma kisichoshika kutu, na gharama yake ihesabiwe kabla ya kutaja bei.

Mashua hii ni ya plaiwudi. Basi tulichukua mpini wa kisu tukaigonga pole pole, shibiri kwa shibiri, kutoka omo hata tezi. Plaiwudi nzima hulia kavu. Iliyoachana ndani hulia kama debe lenye nguo. Kisha tukachoma kwa ncha ya kisu mahali ambapo maji hupenda kukaa, yaani pembeni mwa ubao wa tezi, chini ya mlingoti, na katika sanduku la ule ubao unaoshushwa katikati chini ya chombo. Kwenye tezi kisu kiliingia kama kwenye muhogo uliochemka, mahali pa upana wa kiganja. Mwenye mashua alinyamaza, nasi tukanyamaza. Mahali hapo panatengenezeka, lakini bei iliteremka. Tanga tulilikunjua juani tukalivuta kwa vidole kwenye mishono, uzi ukakatika mara mbili. Nguo yenyewe bado ina nguvu.

Trela ndilo watu hulisahau, nalo ndilo linaloweza kukuua kabla hujafika baharini. Tuliinua kila gurudumu kwa jeki tukalizungusha kwa mkono. La kulia lilizunguka kimya. La kushoto lilinguruma, na tulipolitikisa likacheza: beringi imekwisha. Matairi yalikuwa na meno mazuri kabisa, maana trela limesimama tu. Lakini tairi huzeeka kwa jua hata lisipotembea. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Haya yalikuwa ya zamani kuliko hayo na yamepasuka pasuka ubavuni. Tulimwambia mwenzetu asiyatumie hata kwa kilomita kumi. Trela nalo lina namba na kadi yake kama gari. Likiwa halina kadi, liache.

Kupakia nako kuna adabu yake. Mashua ilale juu ya mkuku wake, isining'inie kwa mbavu. Kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito kiwe juu ya kiungo cha gari. Uzito ukizidi nyuma, trela huanza kuyumba kama mkia wa taa, na dereva hana la kulifanya. Mlingoti ufungwe vizuri na kitambaa chekundu mwishoni. Baada ya kilomita ishirini simama, uguse kitovu cha kila gurudumu kwa mkono: kikiunguza, usiendelee. Na tafadhali usijaze mchele ndani ya mashua. Mchele wa Shinyanga ni mzuri, nasi wenyewe tuliutamani, lakini gunia sita ndani ya chombo kilichosimama juu ya trela zitavunja mbao ambazo mawimbi hayakuzivunja. Njia tuliyoichagua ni ya Singida, Babati, Arusha, Moshi hadi Tanga, kisha kuvuka juu ya chombo kikubwa, na kupita forodhani mchana.

Ukifika Pemba usiliingize trela baharini likiwa la moto. Beringi yenye moto ikizamishwa ghafula huvuta maji ya chumvi ndani, na mwezi haupiti itakuwa kutu tupu. Tena pwani zetu nyingi ni tope la mikoko. Trela litazama hata ekseli nalo maji yanajaa. Kwa maoni yetu trela libaki nchi kavu, na mashua iteremshwe kwa magogo kama walivyofanya wazee, maji yakiwa yanajaa. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Atakayechelewa atalala na chombo chake mchangani.

Mwenye kujua ngalawa asidhani amekwisha kujua na hii. Haina foromali. Ina matanga mawili, na lile kubwa lina mti chini yake unaoruka upande wa pili upepo ukigeuka nyuma. Mmoja wetu alipigwa nao kichwani pale pale bwawani, na wavulana wakacheka. Wakati wa kubisha, ubao wa katikati uwe chini, la sivyo utakwenda upande upande kama kaa. Jambo la kwanza la kujifunza ni kuipindua kwa makusudi, penye maji ya kifuani, kila mtu amevaa boya, na kuirudisha. Fanya hivyo wakati wa malelezi, asubuhi, ndani ya ghuba. Kusi ya Juni na Julai iache.

Wako waliokwisha kutuuliza kama itafaa kuchukua karafuu hata Unguja. Haifai. Gunia likilowa limeharibika, na mkondo wa Nungwi si wa futi 14: huko ndiko ilikozama MV Spice Islander I, meli nzima, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na mamia ya watu wetu wakapotea. Anayefikiria kupeleka karafuu kwingine kwa siri usiku asituulize kabisa. Mashua hii ni ya kuvua ghubani na kuwavusha wachumaji kwenda kisiwa cha karibu, watatu kwa safari, na kwanza isajiliwe kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Mwenzetu ameinunua, kwa bei iliyopungua kwa theluthi, na beringi na matairi mapya juu ya muuzaji. Sasa iko chini ya mwembe wake, skrubu zinatolewa moja moja. Amehesabu mia na arobaini, na bado upande mmoja.