Timazi Isiyolala (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia udongo mweusi wa Nairobi, unaovimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Leo tupande ukutani.

Kila fundi wa mjengo anaijua timazi: uzi na kipande cha chuma kinachoning'inia. Chuma huvutwa na ardhi, uzi hunyooka wima, na ukuta ulioinama hujulikana papo hapo. Ila husema tu inapotazamwa. Fundi akiikunja jioni na kuitia mfukoni, ukuta unabaki bila shahidi hadi asubuhi.

Kihisi cha mwinamo kisichotumia waya ni timazi hiyohiyo. Ndani ya kikasha kinachoenea kiganjani mna kipande cha silikoni kilichochongwa kiuzito kidogo mno, kinachoshikiliwa na springi nyembamba ajabu. Ukuta ukiinama, kiuzito husogea, na hali ya umeme kati yake na vibamba vilivyo kando hubadilika. Badiliko hilo ndilo linalosomwa kama digrii, kisha likatumwa kwa redio ya nguvu ndogo, usiku na mchana, kwa betri inayoweza kudumu miaka.

Mwinamo wa digrii 1 ni kama milimita 17 kwa kila mita ya kimo. Kihisi kizuri hutambua sehemu moja ya mia ya digrii. Kwa jengo la mita 30 linaloinama lote kwa pamoja, hizo ni milimita 5 kileleni. Hakuna jicho la kuziona kutoka barabarani.

Januari 2006, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Barabara ya Ronald Ngala liliporomoka mchana, vibarua wakiwa kazini, na wengi wakapoteza maisha. Miaka 10 kabla yake, Mei 1996, lilikuwa limeanguka jengo la duka la Sunbeam kwenye Moi Avenue. Sidai kwamba kikasha kingewaokoa watu hao. Nguzo ya zege hafifu huweza kuvunjika ghafla, na jengo linalodidimia sawasawa kwenda chini haliinami, kwa hiyo kihisi kitanyamaza. Wapima ardhi bado wanahitajika.

Mahali kinapofaa hasa ni pale shimo la maegesho ya chini linapochimbwa ubavuni mwa jengo kuukuu, kama tunavyoona katikati ya jiji na Westlands. Hapo ukuta wa kuzuia udongo huweza kuegemea shimoni polepole, kwa siku au majuma, na jirani akaufuata.

Lakini hata jengo zima lina mazoea yake. Jua la asubuhi hupasha ukuta wa mashariki, jengo likajipinda kidogo, na jioni likarudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba vihisi vifungwe majuma kadhaa kabla ya jembe la kwanza, tuyajue mazoea hayo. Mwinamo usiorudi jioni ndio wa kuogopwa.

Wahandisi huweka viwango viwili vya tahadhari: cha kwanza cha kuchunguza, cha pili cha kusimamisha kazi na kuwatoa watu. Jina la mwenye mamlaka ya kusimamisha liandikwe kabla shimo halijachimbwa. Simu yake ikilia saa nane usiku, aliye karibu na ukuta ni mlinzi wa lango, naye mara nyingi hajaambiwa hata kile kikasha ni cha nini.